Boga na Ua Lake: Mtunzi, Mwenendo Wake na Mizani ya Mhakiki

Upo msemo ambao kwa miaka ya hivi karibuni umegeuka kuwa hirizi katika kumbi za mihadhara ya fasihi: kazi ya sanaa itengwe na mwenendo wa aliyeitunga. Msemo huu haufungui mjadala, hutumika kuufunga. Mwanafunzi wa uzamili anapouliza iwapo habari za ukatili wa mtunzi fulani zina uzito wowote katika usomaji wa kazi zake, hujibiwa kwamba uhakiki hauna shughuli na mambo ya vyumbani mwa watu, kwamba matini ndiyo ithibati pekee, na kwamba mwandishi, kwa hukumu ya Mfaransa Roland Barthes, alikwisha kufa na kuzikwa zamani. Mwanafunzi huketi. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo si nadharia bali ni hila, na kwamba wanaolitoa wangekuwa wa kwanza kulikataa lau lingeelekezwa kwenye jambo jingine lolote katika maisha ya mtunzi huyo huyo.

Kinachofaa kutazamwa kwanza si yale ambayo wahakiki wa Kiswahili husema kuhusu uhusiano wa mtunzi na utunzi, bali yale ambayo wamekuwa wakiyatenda siku zote. Ni nani aliyewahi kuihakiki Sauti ya Dhiki (1973) bila kupitia gerezani? Mhadhara juu ya diwani hiyo huanza na waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968, ukaingia katika kifungo cha Abdilatif Abdalla cha miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, ndipo ukafika kwenye beti zenyewe. Na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa dhiki iliyomo katika anwani ya diwani hiyo ina mlango, ina komeo na ina mlinzi, na msomaji asiyelijua hilo hupungukiwa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, husomwa kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni kwa sababu wahakiki wanajua ni nani aliyeiandika, alikuwa mtumishi wa serikali ipi, na ni mambo gani ambayo mtu wa cheo chake asingethubutu kuyasema waziwazi. Mwingereza hatajwi katika nchi ile ya angani. Huletwa na wasifu wa mtunzi. Mashairi ya Muyaka bin Haji nayo, yakiondolewa ugomvi wa Mombasa ya Wamazrui na Seyyid Said, mengi hubaki mafumbo yasiyo na mfumbuaji. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, haufundishwi bila kutajwa ugonjwa wa mama na binti aliyeachiwa wasia.

Utamaduni huu haukuletwa na vyuo vikuu. Umo katika fani yenyewe. Katika tendi nyingi za kale, mtunzi anapokaribia tamati hujitokeza mbele ya hadhira yake: hujitaja jina na ukoo, hutaja mji na tarehe, huomba radhi kwa makosa, na huomba aombewe dua. Beti hizo si mapambo. Zinamweka mtunzi katika nafasi ya mdaiwa, mtu anayejulikana mlango wake na anayeweza kubishiwa hodi na aliyeudhika. Ajabu ni kwamba watafiti wanaozinukuu beti hizo kwa fahari, wakizitoa kama ushahidi kwamba ushairi wa Waswahili ulikuwa na dhana yake ya umiliki na wajibu, ndio hao hao wanaokimbilia Paris mara tu mtunzi wampendaye anapotajwa kwa ubaya.

Na huko Paris kwenyewe hawakusikiliza vizuri. Insha ya Barthes, iliyochapishwa kwanza mwaka 1967, ilikusudia kumvua mwandishi mamlaka na kumkabidhi msomaji. Haikuwa hati ya msamaha. Mwandishi aliyekufa kwa mujibu wa Barthes hana nia ya kutafutwa katika matini, hana ushujaa wa kusimuliwa, hana haki ya kualikwa kwenye kongamano ili aeleze alichokimaanisha. Anayetaka kifo hicho akitake chote. Wanaokiomba hapa wanataka mwandishi afe kwa upande wa madeni yake tu, huku mali yake, yaani sifa, tuzo, majina ya kumbi na mafungu ya utafiti, ikiendelea kuishi na kuzaa. Hali si tofauti sana na ile ya Marekani ya mwaka 1949, pale Ezra Pound alipopewa Tuzo ya Bollingen kwa The Pisan Cantos ilhali amezuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Washington, akiwa na shtaka la uhaini kwa matangazo aliyoyasoma katika redio ya Italia wakati wa vita. Miaka mitatu kabla yake, Wimsatt na Beardsley walikuwa wametoa makala yao mashuhuri dhidi ya kutafuta nia ya mwandishi. Haidaiwi hapa kwamba Uhakiki Mpya ulibuniwa kwa ajili ya Pound. Inatosha kusema kwamba ulimfaa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili ni ule ambao wengi wao wangependa usiguswe. Mwezi wa Machi 2024, Mukoma wa Ngugi, ambaye ni mwandishi na profesa wa fasihi kwa haki yake mwenyewe, alitangaza hadharani kwamba babake, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa akimpiga mamake, ambaye wakati huo alikuwa marehemu, na kwamba miongoni mwa kumbukumbu zake za mwanzo kabisa ni kwenda kumwona mama huyo kwa nyanyake, alikokuwa amekimbilia. Dai la mwana si hukumu ya mahakama, na hakuna mahakama iliyolisikiliza. Ngũgĩ alifariki Mei 2025. Lililo la kuchunguzwa hapa si kosa au kutokuwa na kosa kwa marehemu, bali namna taaluma ilivyolipokea neno hilo. Wapo walioona ni utovu wa adabu mwana kumvua babake nguo hadharani; wapo waliosema ni mambo ya nyumbani; na wapo, hasa wenye digrii nyingi, waliosema kwamba kweli au uongo, jambo hilo haliingii katika fasihi.

Kwa nini lisiingie, wakati mengine yote yameingia? Hakuna mwandishi wa Kenya ambaye maisha yake yamefungamanishwa na kazi yake kama Ngũgĩ. Mwanafunzi hukutana na Kamĩrĩĩthũ kabla hajakutana na Ngaahika Ndeenda. Hufundishwa kwamba tamthilia hiyo, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilipigwa marufuku mwaka 1977. Kwamba mwandishi alitiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo hadi Desemba 1978. Kwamba Caitaani Mutharaba-inĩ iliandikwa kwenye karatasi za msalani katika jela ya Kamiti. Karatasi hizo zimekuwa kama masalio matakatifu. Hazina athari yoyote kwa muundo wa riwaya, na mhakiki wa matini tupu angepaswa kuzipuuza, lakini hakuna anayezipuuza, kwa sababu zinampa msomaji hakika kwamba maneno ya kitabu yalilipiwa. Uamuzi wa kuacha Kiingereza na kuandika kwa Kikuyu nao hufundishwa kama tendo la kimaadili la mtu mmoja, si kama mtindo. Hiyo ndiyo mizani waliyoichagua wahakiki wenyewe. Sasa mizani hiyo imewekewa kitu kizito upande wa pili, na wanataka kuivunja.

Uzito wenyewe si wa pembeni. Ngaahika Ndeenda ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa anwani ya Nitaolewa Nikipenda, na Caitaani Mutharaba-inĩ ikatolewa mwaka huo huo kama Shetani Msalabani. Ya kwanza imebeba katika jina lake hiari ya mwanamke. Ya pili inamfuata Warĩĩnga, msichana aliyeharibiwa maisha na tajiri mzee, hadi siku anapokamata bastola. Tasnifu nyingi zimeandikwa juu ya Warĩĩnga kama mwanamke mpya wa Afrika, na nyingi huchukulia kwamba muumbaji wake alikuwa mtetezi wa wanawake, kisha huhesabu utetezi huo kama ushahidi wa ufanisi wa mhusika. Dai la mwana linagusa mahali hapo hasa. Mtahini makini hana budi kuuliza kama Warĩĩnga anasimama kwa miguu yake mwenyewe katika matini, au amekuwa akishikiliwa na sifa za mtu aliyemwandika. Hilo ni swali la fasihi kama yalivyo maswali mengine yote.

Lipo na jingine. Katika Dreams in a Time of War (2010), kumbukumbu za utoto wake, Ngũgĩ mwenyewe anasimulia jinsi babake alivyompiga mamake hata mama akakimbilia kwa wazazi wake, na jinsi watoto walivyobaki kati ya nyumba mbili. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zilizo bora katika kitabu, na wahakiki wameipokea bila kuomba hati ya daktari wala shahidi wa pili. Kumbukumbu za utotoni za baba zilihesabiwa kuwa ithibati. Kumbukumbu za utotoni za mwana, zenye mama aliyepigwa vile vile na kwa jamaa alikokimbilia vile vile, zikaitwa umbeya. Mtu anayezisoma simulizi hizi mbili pamoja si lazima awe ameamua lolote juu ya hatia ya yeyote ili aone kwamba ya kwanza haisomeki tena kama ilivyokuwa ikisomeka. Mtoto aliyesimama mlangoni ameongezeka.

Yamkini itasemwa kwamba neno lililokosa hukumu ni msingi mbovu wa kujengea hoja. Basi na itazamwe kadhia ambayo mshtaki na mshtakiwa ni mtu mmoja. Pablo Neruda, mshairi wa Chile aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 na ambaye kwa vizazi kadhaa vya wasomi wa Afrika amekuwa mfano wa ushairi wa wanyonge, aliacha kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo anasimulia kuhusu siku zake za ubalozi mdogo jijini Colombo, na mwanamke wa Kitamili, wa tabaka la chini kabisa, aliyekuja kila siku kumwaga ndoo ya choo chake. Neruda alimshika mkono, akampeleka kitandani. Mwanamke hakusema neno, macho wazi muda wote, na mwandishi anamfananisha na sanamu. Anakiri kwamba dharau ya mwanamke huyo ilikuwa ya haki, kisha anaendelea na habari nyingine.

Kwa zaidi ya miongo minne aya hiyo ilikaa kitabuni, ikatafsiriwa, ikasomwa, na wahakiki wakapita. Ni mwaka 2018, pendekezo la kuupa uwanja wa ndege wa Santiago jina la mshairi lilipokuwa bungeni, ndipo wanawake wa Chile walipoifanya aya hiyo kuwa jambo la taifa. Mtu ajaribu sasa kuutenga utunzi na mwenendo. Atakata wapi? Tendo liko ndani ya sentensi. Tena liko ndani ya ufundi wa sentensi, kwa maana tashbihi ya sanamu ndiyo inayomwezesha msimulizi kuutazama mwili usiokubali na kuuona kuwa ni uzuri. Jicho hilo hilo, linalomgeuza mwanamke kuwa jiwe, ardhi na mandhari, limesifiwa mno katika mashairi yake ya mapenzi. Mhakiki anayefundisha tashbihi za Neruda bila ya hii hafundishi fani safi isiyo na siasa; amefanya uteuzi wa mifano, na ameuficha uteuzi huo.

Hapo ndipo lawama inapomhamia mhakiki mwenyewe, na kadhia ya Alice Munro wa Kanada inaonyesha kiasi cha lawama hiyo. Munro, aliyepata Nobel mwaka 2013 na kufariki Mei 2024, alisifiwa kwa jinsi alivyoyajua maisha ya ndani ya wanawake na wasichana. Julai 2024 bintiye, Andrea Robin Skinner, aliandika katika gazeti la Toronto Star kwamba alinajisiwa na mume wa pili wa mamake, Gerald Fremlin, tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa; kwamba alimweleza mamake mwaka 1992; na kwamba mama hatimaye alichagua kubaki na mumewe. Hili halikuwa dai tupu. Fremlin alikuwa amekiri kosa mahakamani mwaka 2005. Mwaka huo huo Robert Thacker alikuwa akitoa wasifu mkubwa wa Munro. Skinner alimwandikia kabla kitabu hakijatoka, na Thacker, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, aliamua kuliacha jambo hilo nje.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa muda. Mtu aliyejitwika kazi ya kuyaeleza maisha ya mwandishi kwa ajili ya kuziangaza hadithi zake alipewa habari iliyokuwa ufunguo, akaona adabu ya kazi inamtaka aifukie. Hadithi ya "Vandals", inayofunga mkusanyiko wa Open Secrets (1994), inamhusu mwanamke anayeishi na mwanamume aliyewadhuru watoto wa jirani na ambaye, kwa dalili zote za matini, alijua na akachagua kutojua. Ilichapishwa baada ya barua ya binti. Kwa miaka thelathini wasomi waliichambua hadithi hiyo, wakaandika juu ya ukimya, kumbukumbu na mapengo ya usimulizi, na pengo kubwa kuliko yote likawa limetengenezwa na wenzao. Waliosoma hadithi tupu hawakuisoma vizuri zaidi kwa kutojua. Waliisoma kwa jicho moja, na jicho la pili lilifungwa kwa makusudi na aliyedai kuwaongoza. Baada ya Julai 2024 hadithi hiyo haikupungua thamani. Imekuwa ya kutisha na kubwa zaidi, na Skinner, aliyenyimwa nafasi katika wasifu, ndiye aliyeifungua.

Wapo, kwa upande mwingine, wanaotaka vitabu viondolewe katika mitaala kila jina linapochafuka. Hawa wana ghadhabu ya haki lakini hawajahesabu rafu. Utendi wa Mwana Kupona humwasa binti asichanganyike na watumwa ila kwa kazi za nyumbani. Ushairi mwingi wa pwani wa zama hizo ulitungwa katika majumba yaliyopikiwa na kufagiwa na watu waliomilikiwa. Kitabu kikiondolewa, ushahidi nao umeondoka, na mtumwa aliyemo katika ubeti hupotea mara ya pili. Isitoshe, anayefuta na anayetenga wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wamejipunguzia kazi ya kusoma. Haihitaji maneno zaidi.

Kinachodaiwa kwa wahadhiri ni kidogo na ni kigumu. Kama wasifu wa mtunzi unaingia darasani, na uingie mzima, pamoja na wale walioishi naye na ambao hawakupewa kalamu. Kama hauingii, basi na utoke wote: gereza litoke, uhamisho utoke, karatasi za msalani zitoke, Kusadikika ibaki nchi ya angani na Muyaka abaki na mafumbo yake. Hakuna idara katika chuo kikuu chochote nchini itakayokubali hilo la pili, na kwa hiyo limebaki la kwanza. Waswahili husema ukipenda boga penda na ua lake, na kwa kawaida msemo huo husemwa kwa upole, kuhusu mama na mwana. Katika uhakiki hauna upole. Ua la boga hili linaweza kuwa na usaha.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Miongozo inayouzwa kwa wanafunzi wa shule na vyuo, ambayo mingi huandikwa na wahadhiri wa idara hizi hizi, mara nyingi hufunguliwa na ukurasa uitwao "Maisha ya Mwandishi", nao ni ukurasa wa sifa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho: alizaliwa, akasoma, akateswa, akatuzwa. Mwandishi wa mwongozo wa Shetani Msalabani au wa Nitaolewa Nikipenda atakayeketi leo kuutayarisha upya atafika kwenye mwaka 2024. Dai lilitolewa, lilitolewa na nani, juu ya nini, na halikufikishwa mahakamani: hayo yote yanaweza kuelezwa kwa sentensi tatu zisizo na tusi wala utetezi. Kisha liulizwe swali moja katika zoezi la mwisho, kuhusu hiari ya mwanamke katika tamthilia yenye jina hilo, na mwanafunzi aachwe alijibu kwa kuirejelea matini.